Maji ya Birika

Muznah, kabla hujakifungua hicho kikasha,
njoo kwanza dirishani, kwenye mwanga.
Litazame jicho langu la kushoto.
Unaliona? Pembeni mwa mboni,
doa jeupe, dogo kuliko punje ya ufuta.
Watu hudhani chokaa ilinirukia.
Nililitia mwenyewe,
kwa kidole hiki.

Nilikuwa nashona kofia ya harusi ya baba yako,
vitobo visivyohesabika, sindano kama ukope,
na miwani inateleza kwa jasho,
inaangukia kitambaa, inaacha alama.
Basi nikatafuta lenzi.
Siku ya kwanza, wallahi, kila kitobo
nilikiona kimekaa mahali pake.
Niliona hadi vumbi juu ya boriti.

Dawa yake ikaisha siku mbili kabla ya Idi.
Duka la Langoni limefungwa,
chupa ya Malindi haiji mpaka Jumatatu.
Nikamuuliza bibi yako: nizilaze wapi usiku?
Akacheka, akanipa finjani.
"Mai ni mai, mwanangu. Haya twayanywa,
twatawadhia, twaoshea maiti wetu.
Jicho lako ni sultani gani?"

Nami nikachota birikani.

Nisikilize vizuri.
Maji yale ni tohara, hata leo natawadha kwayo.
Lakini mdudu wa birika hajasoma fiqhi.
Anakaa kwenye ute wa ukuta, haonekani;
ukimpa lenzi, anashika;
ukimfunika kwa kope, anaona amefika kwake.

Siku ya tatu mwanga ukaota miiba.
Mlango ukifunguliwa, nalia.
Jirani mmoja akaleta asali,
mwingine maziwa ya mzazi, kwenye kijiko.
Wa tatu akasema ni kijicho cha watu, kwa ile kofia.
Nikakaa siku mbili zaidi chumba cha ndani,
kitambaa usoni, kofia mapajani, haijaisha.

Daktari Sauda, kule Malindi, mfupi, hana mzaha,
aliniuliza neno moja: "Ulizilaza kwenye nini?"
Nikasema, finjani.
Hakunigombeza. Alivuta kiti karibu.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Matone kila saa, usiku na mchana,
kisha miezi.

Kwa hiyo nawa kwa sabuni, halafu kausha.
Wengi husahau kukausha.
Dawa ya jana imwage; usiiongezee mpya juu yake
kama mtu anayerefusha mchuzi kwa wageni.
Isugue lenzi kiganjani kwa dawa yake, taratibu.
Si kwa mate. Nimekuona ukilamba uzi.
Lenzi si uzi.
Kikasha kisuuze kwa dawa, kiinamishe wazi kikauke,
na baada ya miezi mitatu kitupe,
hata kama bado kizuri, hata kama roho inauma.

Usilale nazo, hata ule usingizi mdogo wa adhuhuri.
Ukienda kuogelea Shela, ziache nyumbani.
Wanja baada ya lenzi, si kabla.
Na siku jicho likiwa jekundu, au likichukia mwanga,
zitoe, usizitupe, zifunge pamoja na kikasha,
twende kwa daktari siku hiyohiyo.
Asali tutaila na mkate.

Kofia aliimaliza bibi yako.
Ukiigeuza, upande wa nyuma,
utaona vitobo vimepanuka kidogo.
Hajawahi kuyataja yale maji, wala mimi sijamkumbusha.
Ila nikirudi na chupa mpya, yeye ndiye huisoma tarehe,
ameishika mbali, amekunja uso,
kisha huiweka kidaka cha juu, peke yake.

Finjani ile sijaiona tena.